Anzia kwenye chekeche: kwa wanaoanza kusoma mikusanyiko

Neno mkusanyiko lina wenyewe wengi. Kwa mwanaikolojia ni spishi zilizokutwa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kwa mwanaakiolojia ni vigae, mifupa na mawe yaliyotoka tabaka moja. Mhandisi wa ujenzi huenda asilitaje kabisa, lakini rundo lake la mchanga na kokoto ni mkusanyiko vilevile, na uimara wa zege unategemea sana jinsi chembe kubwa na ndogo zilivyochanganyika. Unaweza kumaliza masomo yako yote Kampala bila kugundua kuwa wenzako wa jengo la pili wanatikisa chombo kilekile unachotikisa wewe. Chombo hicho ni chekeche, na ukikijua vizuri umeshajua nusu ya kazi.

Idadi yoyote utakayoandika si idadi ya vilivyokuwepo, ni idadi ya vilivyobaki juu ya matundu. Asili imekwisha chekecha kabla yako: udongo wenye unyevu na asidi hula mifupa na kuacha vigae, ilhali ndani ya jaa la majivu mifupa hudumu. Kwa hiyo usiseme watu wa kilima fulani hawakula nyama kwa sababu tu hukuona mfupa. Chekeche la asili huwezi kulibadilisha. La kwako unaweza, na angalau unaweza kuandika ukubwa wa matundu yake, jambo ambalo wageni wengi husahau.

Chukua uchimbaji kwenye vilima vya taka kama vile vya Ntusi, wilaya ya Sembabule, ambako watu waliishi na ng'ombe wao takriban miaka 1000 iliyopita. Chekeche la matundu ya milimita 5 litakupa vigae na mifupa ya ng'ombe bila shida. Mifupa ya panya, ndege wadogo na samaki itapita karibu yote, kisha ripoti itasema kwamba watu hao walikula ng'ombe tu. Dawa si kuchekecha kila kitu kwa milimita 2, maana udongo wa mfinyanzi utaziba matundu na kazi ya siku moja itachukua wiki. Pima ndoo. Kwa kila tabaka, toa kiasi kisichobadilika, tuseme lita 20, kipite milimita 2, na udongo uliobaki upite milimita 5. Andika lita za sehemu zote mbili, na usizichanganye kwenye mfuko mmoja hata kama zimetoka shimo moja. Mbegu zilizoungua zina njia yake: udongo hutiwa majini, na kinachoelea hukingwa kwa wavu wa milimita 0.5 au chini ya hapo.

Kuhesabu mifupa nako kuna mtego. Ukihesabu vipande, ng'ombe mmoja aliyepondwapondwa anaweza kuwashinda watatu ambao mifupa yao haikuvunjika. Ndiyo maana hutafutwa pia idadi ndogo kabisa ya wanyama wanaoweza kuwa wametoa mifupa hiyo: unahesabu mfupa mmoja, kwa mfano wa paja, kushoto na kulia, na kuchukua upande wenye mingi. Tabaka la juu lina mapaja 5 ya kushoto na 2 ya kulia, basi ni wanyama 5. Tabaka la chini lina 1 la kushoto na 6 ya kulia, basi ni 6. Jumla 11. Sasa yachukulie matabaka hayo kama moja: kushoto 6, kulia 8, jibu ni 8. Mifupa ni ileile na meza ni ileile, ila wanyama watatu wametoweka kwa sababu ya uamuzi wako wa kuunganisha. Toa hesabu zote mbili, ya vipande na ya wanyama, na useme umegawaje matabaka.

Ziwani mambo ni hayohayo kwa jina jingine. Macho ya wavu ni chekeche. Wavu wa mukene (dagaa) haukupi picha ya sangara wakubwa, na wavu wa sangara unawaachia mukene wote wapite. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na nkejje (furu) wakapungua vibaya miaka ya 1980. Atakayelinganisha samaki wa kabla na wa baada ya hapo aanze kwa kutafuta macho ya nyavu zilizotumika pande zote mbili, kabla hajagusa jedwali la idadi.

Kwa wadudu wa matopeni, chombo cha kuchota kilichozoeleka kina mdomo wa sentimita 15 kwa 15, yaani mita za mraba 0.0225. Ili kupata idadi kwa mita ya mraba unazidisha kwa 44.4, kwa hiyo kila buu mmoja uliyempoteza ni pungufu ya 44 kwenye karatasi. Matope ya mfereji wa Nakivubo yamejaa minyoo na mabuu mekundu ya usubi, na mabuu machanga ni membamba kama uzi. Yanapita milimita 0.5 kichwa kwanza ukimwaga maji kwa nguvu. Zamisha chekeche nusu ndani ya beseni na ulizungushe taratibu. Usilielekezee mpira wa maji. Sampuli iingie kwenye spiriti ya asilimia 70, pamoja na lebo ya karatasi ngumu iliyoandikwa kwa penseli, ndani ya chupa. Wino wa kalamu hutoka ndani ya spiriti, na lebo ya nje hubanduka siku ya mvua.

Wahandisi ndio wenye adabu zaidi, na wengine tuige kwao. Mchanga, hata ule safi wa Lwera, hauchotwi juu ya rundo wala miguuni pake, kwa sababu chembe kubwa hubingirika hadi chini. Unachota sehemu kadhaa, unachanganya, unagawa robo nne, unachukua robo mbili zinazotazamana, na kurudia mpaka ibaki gramu 500 hivi. Unakausha kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi uzito usibadilike, maana unyevu hugandisha vumbi kwenye chembe. Machekeche ya kipenyo cha milimita 200 yapangwe kutoka 4.75 juu hadi 0.15 chini, na lolote la matundu madogo lisibebe zaidi ya gramu 200. Likizidi, chembe huzuiana na matokeo yanaonyesha mchanga mkubwa kuliko ulivyo.

Kisha inakuja hatua ambayo taaluma hizo nyingine hazina: unapima tena vyote. Ulianza na gramu 500.0, sasa jumla ni 496.8. Zimepotea 3.2, asilimia 0.64. Kiwango kinachokubalika ni asilimia 0.3, basi jaribio hilo ni la kurudia. Tazama matundu yaliyoziba, dirisha lililo wazi, wavu uliotoboka pembeni. Jumla ikizidi ulichoanza nacho, aliyekutangulia hakupiga brashi.

Mwishoni unajumlisha asilimia zilizobaki juu ya kila chekeche, kwa mlimbikizo, yaani kila moja pamoja na zile za machekeche ya juu yake: 2, 12, 30, 55, 82, 95. Jumla 276, gawa kwa 100, kipimo cha unene ni 2.76, katikati ya 2.3 na 3.1 zinazotakiwa kwa zege. Ila michanga miwili tofauti inaweza kutoa 2.76 ileile. Fahirisi ya Shannon, kipimo cha wanaikolojia cha utofauti wa spishi, ina ugonjwa huohuo: spishi 10 zilizo sawa kwa idadi hutoa 2.30, ziwe za kinamasi cha Mabamba au za shamba la miwa. Chora mchoro mzima kila mara, namba moja haitoshi.

Mwanaakiolojia hawezi kupima udongo wote kabla na baada, lakini anaweza kujipima. Kwa mbegu, mbegu 100 za popi zilizochomwa huchanganywa na udongo kabla haujatiwa majini, na zinazorudi ndizo asilimia ya uangalifu wako. Kwa chekeche kavu, tumia shanga 50 za plastiki za rangi moja, kubwa kidogo kuliko matundu, mwenzako azifiche kwenye ndoo bila wewe kujua ngapi. Ndoo hiyo ijazwe udongo wa lundo la kutupwa, kamwe usiwe wa tabaka lenyewe. Shanga moja ikibaki humo, itaingia kwenye mfuko wa vigae, na kuna siku mtu ataiorodhesha.