Maswali na Majibu: Kanuni ya Taa na Mkono wa Askari

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam, nikifundisha uhandisi wa trafiki kwa mwaka wa tatu. Nilipokuwa nikieleza kanuni ya Webster ya kupanga muda wa taa za barabarani, mwanafunzi mmoja aliuliza ina faida gani ilhali jioni askari huziweka taa kando na kuyaongoza magari kwa mkono; darasa zima likacheka. Nimjibu nini, na je, jambo hili linafaa kufanyiwa utafiti? – Msomaji, Ubungo.

JIBU: Ndugu mwalimu, jibu la kumpa mwanafunzi wako limo ndani ya kanuni yenyewe, ambayo Webster aliichapisha Uingereza mwaka 1958. Ili kupata urefu wa mzunguko mmoja wa taa, muda unaopotea katika kila mzunguko, yaani sekunde ambazo magari hayapiti taa zinapobadilika, huzidishwa kwa 1.5, ikaongezwa 5, kisha jibu likagawanywa kwa 1 iliyotolewa Y, yaani jumla ya uwiano wa magari yanayofika na yale ambayo njia ingeweza kuyapitisha taa ikiwa kijani muda wote. Muda unaopotea ukiwa sekunde 12 na Y ikiwa 0.8, mzunguko unaofaa ni sekunde 115. Y ikipanda hadi 0.9 unakuwa sekunde 230. Ikifika 1, kigawanyo ni sifuri na kanuni haina la kusema. Foleni ya jioni ni hali hiyo hasa. Tunafundisha kanuni tukasahau kufundisha mpaka wake.

Askari naye ana hoja. Kwa sekunde 12 zile zile zinazopotea, mzunguko wa sekunde 120 hupoteza dakika 6 kila saa, ilhali wa sekunde 300 hupoteza dakika 2.4 tu, na kwa hiyo kuuachia upande mmoja kwa muda mrefu kunaokoa kitu. Tatizo liko kwa wanaosubiri: njia inayopokea magari 600 kwa saa, ikizuiwa dakika 4, hukusanya magari 40, ambayo ni mkia wa mita 250 hivi, na mkia huo unaweza kuziba makutano yaliyo nyuma yake.

Utafiti upo, tena mwingi. Mwongozo wa Marekani wa kukadiria uwezo wa barabara unaanzia kwenye magari madogo 1,900 kwa saa kwa njia moja yenye taa ya kijani, kabla ya kupunguza kwa sababu mbalimbali. Lakini haukuandikwa kwa ajili ya barabara ambayo bodaboda hupenya hadi mbele ya mstari wa kusimamia, bajaji hujaza nafasi iliyobaki, na daladala hushusha abiria hatua chache baada ya makutano. Wapeleke wanafunzi wakapige video kutoka kwenye daraja la waenda kwa miguu, wapime sekunde kati ya gari na gari, ili wajue njia hupitisha magari mangapi kwa saa, kuanzia gari la tano, kwani manne ya kwanza huchelewa kuondoka. Wapime taa zinapofanya kazi na askari anapoongoza, makutano yale yale, katikati ya wiki. Karatasi pekee zisitegemewe. Zangu ziliwahi kuloa mvua ya Aprili, hesabu ya asubuhi nzima ikafutika.

Kabla ya yote, ombeni kibali, kisha mkaongee na askari mwenyewe na kumuuliza ni kitu gani anachokitazama anapoamua kugeuza mkono: urefu wa foleni, honi za madereva, au nafasi iliyo wazi upande wa pili. Andikeni jibu lake neno kwa neno, halafu mlilinganishe na video.