"Malkia amechorwa na watoto wake": nani kashika brashi?

Msomaji anaandaa maelezo ya picha za Ufaransa za karne ya 18, kaandika hivi: "Malkia Marie Antoinette amechorwa na watoto wake, 1787." Mwenzake kacheka, akamuuliza hao watoto walisomea wapi uchoraji. Anataka kujua kosa liko wapi, manake kwake sentensi iko sawa kabisa.

Kisarufi iko sawa, na hapo ndipo shida inapoanzia. "Na" ikija baada ya kitenzi cha kutendwa, mtu anaisoma kwanza kama mtendaji: kaumwa na mbu, kapigwa na baba, kachorwa na watoto. Ile maana ya "pamoja na" inakuja baadaye, tena mpaka aione picha yenyewe, na akiiona atakuta mdogo aliye mapajani kwa mama ana miaka 2 tu, wa kushika brashi hapo hayupo. Mchoraji ni Élisabeth Vigée Le Brun. Andika "Malkia akiwa na watoto wake, amechorwa na Vigée Le Brun", yaani kampani ipe "akiwa na", halafu "na" tupu mwachie mchoraji.

Na hao watoto usije ukawaacha nje ya sentensi ili kukwepa tatizo, maana picha nzima imesimama juu yao. Mwaka 1785 ililipuka ile kashfa ya mkufu wa almasi, matapeli walipotumia jina la malkia kuupata mkufu huo, na jina lake likazidi kuchafuka, kwa hiyo ikatakiwa picha ya kumwonyesha kama mama wa warithi wa kiti. Pembeni kuna susu tupu, mtoto wa kiume mkubwa anaionyesha kwa kidole, ilikuwa ya Sophie, binti wa malkia aliyefariki Juni 1787 hata mwaka hajatimiza.

Kosa jingine naliona sana: "amechorwa na gauni jekundu". Gauni halichori jamani! Sema "akiwa amevaa gauni jekundu", na ukitaja kifaa au rangi tumia "kwa": imechorwa kwa rangi ya mafuta. Kwenye picha hizi usilipue sehemu ya nguo, kwa sababu nguo ndiyo ilikuwa inasema huyu ni nani na cheo chake kipi. Mwaka 1783 huyo huyo Vigée Le Brun alimchora malkia akiwa na gauni jepesi jeupe la melimeli na kofia ya majani makavu, picha ikatundikwa kwenye maonyesho ya Salon pale Louvre, watu wakaja juu kwamba malkia mzima kaonyeshwa akiwa na shimizi! Ikabidi iondolewe, ikachorwa nyingine, ua la waridi mkononi lile lile ila gauni sasa la hariri, na hiyo haikuwa na kelele.

Halafu "picha ya". "Picha ya Vigée Le Brun" ni aliyoichora, anayoimiliki, au yeye ndiye yumo ndani? Na kwa vile alijichora mara nyingi, utata unazidi. Tumia "iliyochorwa na", "inayomwonyesha", au "aliyojichora". Mfano Madame de Pompadour, kipenzi cha Louis XV, mwanamke ambaye hakuzaliwa kwenye ukoo wa kikabaila: picha yake ya 1755 "imechorwa na La Tour kwa pasteli (chaki za rangi), inamwonyesha akiwa na vitabu na karatasi za muziki". Ni ndefu kidogo lakini haimchanganyi mtu, na vitabu lazima uvitaje maana mojawapo ni juzuu la Encyclopédie, ile ensaiklopidia kubwa ya Kifaransa ya wakati huo, kaviweka hapo makusudi aonekane mwanamke wa akili na si wa kupendwa na mfalme tu.

Kuhusu "amechorwa" au "alichorwa", chini ya picha weka "amechorwa" kwa kuwa picha bado ipo na mtu anaitazama. Ukihamia kusimulia ilivyokuwa mpaka akachorwa, hapo nenda na "alichorwa".