Uzito umesimama baada ya kupunguza wanga

Dada, wiki ya 29 na kisukari cha mimba, umepunguza wanga na mizani haijasogea wiki mbili: naelewa hofu yako. Mwanzoni hilo hutokea mara nyingi. Ila usikate wanga wote, tafadhali! Mwili utaunguza mafuta na kutoa ketoni, ambazo hazimfai mtoto. Gawa wanga kwenye milo 3 midogo na vitafunio 2 au 3, kila mara pamoja na protini. Tembea dakika 15 baada ya kula.

Ulianza na uzito wa kawaida? Lengo ni kilo 11.5 hadi 16 kwa mimba nzima. Kama ulianza na BMI (uwiano wa uzito na urefu) ya 30 kwenda juu, ni kilo 5 hadi 9.

Uzito ukipungua, au sukari kabla ya kula asubuhi ikizidi 5.3 mmol/L mara kwa mara, mwone daktari wako. Mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali saa hiyohiyo.