Ungo Angani: kwa Wanaoanza Filamu za Mzaha za Star Wars

Mwaka 1978, mwaka mmoja tu baada ya Star Wars ya kwanza, filamu ya vita vya angani, kutoka, Ernie Fosselius alitoa Hardware Wars, filamu ya kuifanyia mzaha ya dakika kama 13 iliyogharimu takriban dola 8,000. Humo pasi na tosta huruka kama vyombo vya anga, na sayari inayolipuliwa ni mpira wa kikapu. Itazame kabla ya kushika kamera, na usikilize sauti ya msimulizi: hacheki hata mara moja. Wanaoanza huharibu hapo. Mwigizaji anakonyeza kamera, maandishi yanaeleza utani, na kicheko kinafia njiani. Kituko ni kile kifaa cha nyumbani peke yake. Vingine vyote vifanywe kama kazi ya kweli.

Kifaa chagua kwa umbo. Star Destroyer, manowari ya anga ya maadui, ni kabari, na pasi ni kabari. Millennium Falcon, chombo cha rubani Han Solo, ni duara bapa, kwa hiyo mpe ungo. Mtazamaji wa kwetu atacheka mara mbili, maana habari za ungo kuruka usiku amezisikia tangu utotoni. Usiupake rangi ya kijivu wala kuubandikia vifuniko vya chupa. Ukishafanana na chombo cha anga, utani umekwisha.

Anga itengenezwe kwa mahameli nyeusi. Pamba nyeusi hurudisha mwanga na kwenye picha hutoka kijivu. Itundike angalau mita 2 nyuma ya ungo, na taa iwe moja tu, ikipiga kutoka ubavuni bila kugusa kitambaa. Taa ikiwa nyuma, mwanga utapenya kwenye msuko na ungo utaonekana kama chujio. Nyota ni matundu ya sindano kwenye karatasi ngumu nyeusi yenye taa nyuma yake, unazipiga picha peke yake na kuziunganisha baadaye. Mkono wa binadamu hupenda kupanga matundu kwa nafasi sawa, nayo anga ikaonekana kama kitenge cha madoa. Mwaga punje za mchele juu ya karatasi, toboa zilipoangukia.

Kutundika kunataka subira. Mshipi wa kuvulia samaki wa milimita 0.20 unatosha kwa ungo. Uzi mmoja utauacha uzunguke kama pia, kwa hiyo funga mitatu ukingoni, miwili mbele na mmoja nyuma. Nailoni humeta, basi ipitishie kalamu nyeusi ya wino mzito. Zima feni, kwani ungo ni mwepesi na hushika upepo. Uzi ukiendelea kuonekana, iko mbinu ya zamani: ning'iniza ungo kichwa chini, kisha geuza picha nyuzi 180 wakati wa kuhariri. Anayeshuku uzi hutazama juu ya chombo, si chini yake. Kumbuka tu kwamba mwanga unaotaka uonekane ukitoka juu lazima upige kutoka chini siku ya kurekodi, la sivyo kivuli kitakusaliti.

Sasa mwendo. Katika filamu ya 1977, kikosi cha John Dykstra, msimamizi wa madoido ya picha, kiliacha modeli za vyombo zisimame na kusogeza kamera iliyoongozwa na mitambo. Nawe fanya hivyo: simu ikae juu ya sinia, sinia juu ya kitambaa laini mezani, uivute taratibu kwa mikono miwili. Funga fokasi kwanza, maana simu ikianza kutafutatafuta katikati ya mwendo, picha hiyo ni ya kutupa.

Kwa vitu vinavyoanguka au kulipuka kuna hesabu. Tafuta kipeuo cha pili cha tofauti ya ukubwa, kisha zidisha kwa kasi ya kawaida ya fremu 24. Modeli iliyo ndogo mara 25 hutaka kasi mara 5, yaani fremu 120 kwa sekunde, na simu nyingi zinaiweza. Bila hivyo vipande huanguka haraka mno na jicho linajua mara moja kwamba kitu kile ni cha mezani. Mlipuko wenyewe urekodi kamera ikitazama juu, lenzi ikikingwa kwa kioo, ili vipande vije kwa mtazamaji badala ya kuanguka sakafuni. Tumia mchanga mkavu au karatasi zilizochanwa. Unga ukitimka hewani hushika moto, kwa hiyo usiutumie kabisa penye mshumaa au jiko.

Upanga wa mwanga wa Jedi, wale mashujaa wa Star Wars, ni kazi ya fremu moja moja. Mwigizaji ashike fimbo, nawe uchore umbo juu yake katika kila fremu. Sekunde 4 kwa fremu 24 ni michoro 96, hivyo fupisha pambano. Tabaka la katikati liwe jeupe, lenye ukungu wa pikseli 2. Chini yake weka matatu ya rangi, yenye ukungu wa 5, 15 na 40. Fimbo ikipita kasi, picha yake hutanuka kama upepeo, basi chora upepeo huo. Ukichora fimbo nyembamba, upanga utarukaruka. Uso usiopata rangi ya upanga ndio unaofichua udanganyifu, kwa hiyo mtu asimame pembeni na tochi iliyofunikwa plastiki ya rangi hiyo.

Sauti hupuuzwa, nayo ndiyo inayobeba nusu ya kazi. Ben Burtt, mbunifu wa sauti wa Star Wars, alipata mvumo wa upanga kwa kuchanganya mota ya projekta na muingiliano wa televisheni, akacheza sauti hiyo kwenye spika na kupunga maikrofoni mbele yake. Rekodi friji, icheze, pungia simu. Sauti ya risasi za filamu hiyo aliipata kwa kugonga waya unaoshikilia mnara wa redio. Wewe kaza waya wa chuma uani, gusisha simu kwenye kigingi, gonga kwa nyundo. Waya za nguzo za umeme usizisogelee.

Maandishi ya manjano yanayopaa mwanzoni yasizidi maneno 45. Kiswahili kina maneno marefu, na ukisawazisha kingo zote mbili, "walipokuwa wakiwashambulia" litaacha mapengo ya kupitisha punda. Kata maneno kwa kistari, au andika sentensi fupi. Yapande kwa sekunde 20 na si zaidi, kisha ungo uingie.

Muziki wa Star Wars aliotunga John Williams uache. Mitambo ya tovuti za video huutambua kwa sekunde chache, na video inaweza kuzuiwa kabla shangazi yako hajaiona.