Maranda kwa mwangwi wa ukumbi

Ndugu, umeuliza kama utumie maranda au vumbi la msumeno kutengeneza mbao za saruji za kufunga ukutani, zipunguze mwangwi kwenye ukumbi wako wa Dodoma. Maranda ya fundi seremala ndiyo yanafaa, vumbi la msumeno halifai. Likichanganywa na saruji linaziba vitundu, na sauti hunyonywa humo humo kwenye vitundu. Tafuta maranda marefu ya paina, zile mbao zinazoletwa Dodoma kutoka Mufindi. Yaloweke siku nzima, mwaga maji ya kahawia, suuza tena. Hatua hii ndiyo watu wanairuka, kisha wanalalamika: sukari ya mti huzuia saruji kushika, na ubao unamong'onyoka mkononi. Mbao ngumu nyingi zina shida hiyo zaidi.

Kwa uzito, maranda makavu kilo 1, saruji kilo 2, maji ya kulowanisha tu yasichuruzike. Shindilia kidogo kwenye fremu ya kina cha sentimita 3 hadi 5. Kwa ukavu na upepo wa Dodoma, funika nailoni wiki nzima, la sivyo saruji inakauka kabla haijakomaa. Ukifunga ukutani acha uwazi wa sentimita 5 nyuma, unasaidia kunyonya sauti nzito. Rangi ya mafuta usipake, inaziba vitundu.

Kelele za jirani hazitazuilika hivi, hizo zinataka ukuta mzito.