Kaa mwogeleaji hana kosa, kosa ni kumchagua vibaya

Kwa miaka mingi nilimpita kaa mwogeleaji bila kumtazama mara mbili. Macho yangu yalikuwa kwa kaa wa mikoko mwenye magando manene. Huyu mwembamba, mwenye miguu ya nyuma iliyobapa kama makafi, nilimwona magamba matupu. Siku niliyomjaribu nilivunja gando yakatoka maji, na nyama ndani imesinyaa kama uzi. Nikasusa kabisa.

Kumbe nilichukua waliotoka kujivua gamba. Gamba la kaa halitanuki, kwa hiyo akitaka kukua hulivua, hunywa maji ajitanue, gamba jipya likakauka juu yake, kisha nyama hujaa taratibu. Ukimkuta katikati ya shughuli hiyo ni mkubwa kwa macho tu. Siku hizi nikikuta wawili wa ukubwa mmoja nawapima mkononi, nachukua mzito. Halafu namgeuza chali na kumbonyeza kwa dole gumba; pakibonyea, namrudisha. Tumbo jeupe pee linalong'aa pia ni dalili ya gamba jipya. Aliyejaa tumbo lake limefifia na lina mikwaruzo.

Akiwa amejaa, ni chakula hasa. Gramu 100 za nyama ya kaa iliyopikwa huwa na protini ya gramu 17 hadi 20 hivi, na mafuta hayafiki gramu 2. Vitamini B12 iliyomo inatosha mahitaji ya mtu mzima kwa siku, yaani mikrogramu 2.4, na zinki na seleniamu zimo kwa wingi. Kwa asiyekula nyama nyekundu, sijui kitoweo kingine ambacho ningempendekezea haraka hivi.

Mpike angali hai, au mara tu anapokufa, maana kaa huharibika upesi mno. Mimi namlaza kwanza kwenye barafu mpaka azubae, kisha namtia kwenye mvuke. Ukimchemsha, usimwage supu, kwani sehemu ya vitamini na madini imehamia humo. Ile rojo ya njano ndani ya gamba ni tamu, lakini onja tu, usiifanye mlo: ndiko metali nzito kama kadimiamu hujikusanya. Mwenye mzio wa kamba asimguse, kupika hakuondoi mzio. Mwenye jongo naye ajizuie.

Dharau hii si yetu peke yetu. Kaa wa jamii hii wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, Portunus segnis, alipita Mfereji wa Suez akaingia Mediterania. Alipozagaa Ghuba ya Gabès nchini Tunisia, mnamo 2014 hivi, alichana nyavu na kula samaki walionaswa, hata wavuvi wakampachika jina la Daesh, lile kundi la kigaidi linalojiita Dola ya Kiislamu. Baadaye viwanda vikaanza kumsindika, na sasa wanamuuza nje ya nchi.

Jike mwenye mayai yaliyoning'inia tumboni arudishwe baharini, tafadhali.

Na unapomla, usiishie kwenye magando. Pasua kiwiliwili katikati, tafuta shina la yale makafi ya nyuma. Misuli inayomwogelesha imekaa hapo, na ukiivuta polepole hutoka bonge zima, jeupe na tamu kuliko nyama yote iliyobaki. Mimi naanzia hapo.