Helmeti iliyokwisha kuanguka, nimpe mdogo wake?

SWALI: Shikamoo fundi. Mwanangu wa miaka 14 aliteleza na baiskeli kwenye mchanga, akagonga kichwa ukingoni mwa barabara. Tunashukuru aliinuka na mchubuko wa kiwiko tu. Helmeti yake ina mkwaruzo ubavuni, haijapasuka. Sasa ameikataa, anasema hata mabingwa wa zamani waliendesha kichwa wazi. Je, nimpe mdogo wake wa miaka 9? Naiona bado nzima.
Mama wa Wawili

JIBU: Marahaba, mama. Namshukuru Mungu pamoja nawe kwa kijana kuinuka salama. Ila helmeti hiyo usimpe mdogo. Imeshafanya kazi yake.

Hilo gamba la nje silo lililomwokoa. Kinachookoa ni povu gumu jeupe lililo ndani, kama lile wanalofungia vyombo vya kuvunjika. Kichwa kikigonga, povu hubonyea, na nguvu ambayo ingeingia kwenye fuvu huishia humo. Likishabonyea halirudi. Plastiki ya nje hunesa na kurudi mahali pake, ndiyo maana unaiona nzima.

Mimi mwenyewe niliwahi kuanguka, helmeti ikabaki na mkwaruzo usiozidi urefu wa njiti ya kiberiti. Nilipofika karakana nikaikata kwa msumeno ili nione ndani. Upande mzima povu lilikuwa nene kama kidole gumba. Upande uliogonga lami lilikuwa nusu ya hapo, limeshindiliwa na kukakamaa, na ufa mwembamba kama unywele umepita katikati. Vile vipande ninavyo hadi leo. Mzazi akija na swali kama lako, namwekea mkononi apapase mwenyewe.

Hata ikiwa mpya, helmeti ina kikomo. Kiwango cha Ulaya, EN 1078, huipima kwa kuidondosha kwenye chuma bapa kutoka mita 1.5 hivi, mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Na hapo povu ni zima.

Kuhusu mabingwa, kijana amesema kweli, ila habari hakuimaliza. Machi 2003, Andrei Kivilev wa Kazakhstan alianguka katika mashindano ya Paris-Nice akiwa hana helmeti, akafariki siku iliyofuata. Mwaka huohuo shirikisho la baiskeli la dunia, UCI, likaifanya helmeti kuwa lazima kwa wanamashindano. Msimulie bila kumfokea, kisha mtafutie nyingine, achague rangi mwenyewe.

Huyo wa miaka 9 naye anahitaji yake, ya kichwa chake. Tafadhali usimchukulie kubwa ili akulie humo, kama tufanyavyo na viatu. Ukingo wa mbele ukae vidole viwili juu ya nyusi. Watoto wengi naona wameisukuma kisogoni, paji la uso liko wazi kabisa, na hilo huniumiza kila ninapoliona. Kamba zikutane chini kidogo ya sikio, na ya kidevuni ibakize nafasi ya kidole kimoja. Mwambie apige mwayo mkubwa: ikikaa sawasawa, ataisikia ikimvuta utosini.

Ile ya zamani, kabla hujaitupa, zikate kamba zake kwa mkasi. Nimeshamwona mtoto akiiokota ya namna hiyo na kuivaa.